Kasi ya intaneti haipandishi bei ya tenga

Katika miaka ya hivi karibuni ni bidhaa chache zilizotangazwa kwa nguvu hapa nchini kama kasi ya intaneti. Mabango ya barabarani, redio, na ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu kabla hata jogoo hajawika, vyote vinamweleza mwananchi jambo moja: mambo yake yatanyooka akijiunga na kifurushi chenye kasi zaidi. Ujumbe huo humfikia mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, sawasawa na unavyomfikia muuza nguo wa Kariakoo. Lakini watu hawa wawili hawafanyi kazi moja, na fedha wanayoitoa haitoki katika mtaji wa aina moja.

Swali la kujiuliza ni je, ile shilingi ya ziada inayolipwa kwa ajili ya kasi, inarudi? Kwa wakulima wengi wadogo jibu ni hapana. Kwa baadhi ya wafanyabiashara wa mjini jibu ni ndiyo, tena hurudi ndani ya siku chache. Kinachoamua ni aina ya kazi, wala si elimu ya mtu, umri wake au ukubwa wa kioo cha simu yake.

Kwanza ni vyema ikaeleweka kinachouzwa. Watu wengi huchanganya vitu viwili, ujazo na kasi. Ujazo ni kiasi cha data anachonunua mteja, zile MB au GB. Kasi ni upana wa bomba linalopitisha data hiyo. Mtu mwenye pipa la lita 200 akibadilisha bomba jembamba akaweka nene, maji hayaongezeki hata lita moja. Yatatoka haraka, na asipoangalia yatakwisha haraka.

Na ndivyo inavyotokea kwenye simu. Programu nyingi za video hupima kwanza nguvu ya mtandao. Mtandao ukiwa dhaifu, picha huja na ukungu na data inayotumika huwa ndogo. Mtandao ukiwa na nguvu, picha hung'aa na data huliwa maradufu bila mtumiaji kugusa kitu. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1 au chini yake. Saa hiyo hiyo kwa ubora wa juu inaweza kufika GB 3. Mtu aliyehamia kwenye kasi kubwa akaanza kulalamika kwamba bando lake "linaibwa" mara nyingi hajaibiwa. Amefunguliwa bomba nene na pipa ni lile lile.

Sasa tazama kazi yenyewe ya mkulima. Picha ya tenga la nyanya inayotumwa kwa mnunuzi kwa njia ya WhatsApp, baada ya programu kuipunguza, huwa na uzito wa KB 200 hivi. Kwa hesabu hiyo GB 1 inatosha kutuma picha 5,000, na hakuna mkulima mdogo mwenye haja ya kutuma picha 5,000 kwa msimu. Kwenye mtandao wa zamani unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo huchukua sekunde 16. Kwenye 4G inayopitisha megabiti 10, hupita chini ya sekunde moja. Kwa hiyo kasi yote inayotangazwa, ikipimwa kwa kazi hii, inamwokolea mkulima sekunde 15. Hajawahi kuonekana mnunuzi wa Ilala aliyeghairi kununua nyanya kwa sababu picha ilichelewa sekunde 15. Wanaoghairi hufanya hivyo kwa sababu Fuso mbili zimeshashusha sokoni alfajiri ile, na habari hiyo huja kwa kupiga simu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Faida kubwa ambayo simu imemletea mzalishaji mdogo duniani ilikuja kabla ya kasi hii kuwapo. Katika jimbo la Kerala nchini India, simu za mkononi zilipoingia kati ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado baharini kuuliza bei kabla ya kuamua watie nanga pwani ipi. Mchumi Robert Jensen, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2007, alikuta kwamba kabla ya hapo asilimia 5 hadi 8 ya samaki walikuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi katika pwani walikoshushwa. Baada ya simu kuingia, hasara hiyo ilikoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji naye akapata nafuu ya asilimia 4 hivi. Nchini Niger, utafiti wa Jenny Aker wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa tofauti za bei ya nafaka kati ya soko na soko zilipungua kwa asilimia 10 hadi 16 baada ya minara kusimikwa. Wote hao walikuwa wakipiga simu za kawaida, simu za tochi.

Hapa kwetu hali ni hiyo hiyo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, wakati simu yenye intaneti ilikuwa anasa ya wachache. Hadi leo mkulima anayelipwa nyanya zake akiwa shambani analipwa kwa kubonyeza nyota na reli, na huduma hiyo haihitaji MB hata moja. Mbolea ya ruzuku iliyozinduliwa Agosti 2022 ilijengwa juu ya daftari la wakulima na ujumbe mfupi wa simu, wala si juu ya video. Korosho nazo, tangu msimu wa 2024/2025, zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Lakini wanaohitaji mtandao imara pale ni wanunuzi wanaoweka bei na chama kikuu kinachoendesha mnada. Mwanachama wa AMCOS aliyekaa chini ya mwembe haongezewi hata shilingi moja kwa kilo kwa sababu simu yake ina 5G.

Wapo watakaosema kwamba intaneti yenye kasi itamweka mkulima karibu na bei halisi ya soko, na hivyo dalali hatampunja. Hoja hii ina mvuto, ila imeshapimwa na haikusimama. Katika jimbo la Maharashtra, India, watafiti Marcel Fafchamps na Bart Minten waliwafuatilia wakulima waliopewa huduma ya kutumiwa bei, hali ya hewa na ushauri kwa simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha kwamba wakulima hao waliuza kwa bei bora kuliko wenzao wasio na huduma. Kujua bei ni jambo moja, kuwa na uwezo wa kuikataa bei mbaya ni jambo lingine. Mwenye nyanya zilizoiva leo, asiye na gari wala ghala, ataijua bei ya Dar es Salaam kwa kasi ya umeme na bado atamuuzia dalali aliyesimama mbele yake.

Halafu kuna lumbesa. Mkulima wa viazi au vitunguu anaweza kusoma kwenye simu kwamba gunia linauzwa kiasi fulani. Gunia lipi? Sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100, lakini kila aliyewahi kusimama barabarani wakati wa mavuno anajua kofia inayoshonwa juu ya gunia na kilo zinazofichwa ndani yake. Mizani moja inayofanya kazi kijijini, yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, ingemwingizia mkulima fedha nyingi kuliko mnara wa 5G. Mizani haina bango barabarani, pengine ndiyo maana haizungumzwi sana.

Tukirudi kwenye gharama, wengi hawaijui kwa sababu hutoka kidogo kidogo. Chukua mfano wa mkulima anayejiunga na kifurushi cha Sh1,000 kila siku. Haumii, kwani ni bei ya soda na andazi. Lakini kwa mwaka ni Sh365,000. Mwaka 2022/2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku, ya DAP au urea, uliuzwa Sh70,000. Kwa fedha ya bando angepata mifuko mitano na kubakiwa na Sh15,000. Hiyo ni mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa ekari mbili za mahindi, na mfuko mmoja unabaki. Hakuna mke na mume watakaokaa chini wakaamua kubadilisha mifuko mitano ya mbolea kwa video za vichekesho, lakini kaya nyingi zimeshafanya uamuzi huo, shilingi elfu moja baada ya nyingine, bila kikao.

Kwa hiyo data ihesabiwe kama pembejeo. Mkulima anayejua kwamba tenga moja limemgharimu kiasi gani cha dawa, kibarua na usafiri, hana budi kujua pia tenga hilo limebeba shilingi ngapi za bando. Akiuza matenga 100 kwa msimu wa miezi minne, na kwa miezi hiyo ametumia Sh1,000 kwa siku, kila tenga limebeba Sh1,200 za intaneti. Je, intaneti ilimpatia Sh1,200 zaidi kwa kila tenga? Kama ndiyo, aendelee. Kama hajui, basi amekuwa akilipa kwa mazoea.

Namna ya kununua nayo ina siri zake. Mwaka 2022 serikali ilieleza kuwa bei elekezi ya data iko kati ya Sh2.03 na Sh9.35 kwa MB moja. Tofauti hiyo si ndogo. GB 1 kwa bei ya chini ni Sh2,079 na kwa bei ya juu ni Sh9,574, yaani zaidi ya mara nne kwa bidhaa ile ile. Mara nyingi vifurushi vidogo vya siku ndivyo vinavyoelemea kwenye bei ya juu, na ndivyo vinavyonunuliwa na watu wenye kipato kidogo. Ni kama sukari ya kupima kwa kijiko. Maskini huinunua ghali kuliko tajiri anayebeba mfuko mzima. Dawa yake ni kugawanya: bei ya kifurushi kwa idadi ya MB, kisha kulinganisha. Hesabu hiyo huchukua dakika moja kwa kikokotoo cha simu yoyote, hata kitochi.

Aidha, kanuni za vifurushi za mwaka 2021, zile zilizotoka kipindi ambacho bei mpya zilizua kelele hadi zikasitishwa Aprili 2 ya mwaka huo, zilitaka mteja ataarifiwe matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Ujumbe huo wengi huufuta bila kuusoma, wakidhani ni tangazo jingine. Ni vyema usomwe. Ndiyo risiti pekee ambayo mnunuzi wa data huipata.

Hata anayeridhia kulipia kasi hana hakika ya kuipata. Kifurushi cha 5G kwenye kijiji chenye mnara wa 3G ni kifurushi cha 3G. Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022 na wengine wakafuata, lakini huduma hiyo hutegemea sana masafa ya juu yasiyosafiri mbali, hivyo huanzia kwenye miji yenye watu waliosongamana. Inahitaji pia simu yenye uwezo huo. Na mtandao ukiwa hafifu, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta, betri inaisha mchana, na asiye na umeme analipia tena kuchaji dukani. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na siku hiyo wenye kasi na wasio na kasi walikaa benchi moja.

Lakini si haki kusema kasi haina kazi. Nenda kwenye duka la stesheni karibu na chuo au ofisi za halmashauri, wakati wa maombi ya mikopo ya wanafunzi au ajira. Mwenye duka ana kompyuta mbili, na foleni imetoka nje. Kila mteja ana vyeti vya kuskani na kupakia, fomu ya kujaza, namba ya malipo ya kuomba, na ukurasa wa kuchapisha mwishoni. Mtandao ukisuasua, mteja mmoja hukaa nusu saa na wale watatu wa nyuma huvuka barabara kwenda kwa jirani. Huyu anauza muda. Kasi kwake ni kama cherehani kwa fundi nguo, na kifurushi cha mwezi cha ruta, hata kikiwa ghali mara mbili ya kile cha simu, kinaweza kulipwa na wateja wa siku mbili za msimu huo. Tena huyu angekosea kubana matumizi. Wapo wenye maduka ya namna hii wanaoendesha kompyuta mbili kwa kuwasha intaneti ya simu moja ya mkononi, kwa bando la siku, wakidhani wanaokoa fedha. Wanapoteza wateja mbele ya macho yao.

Mfano mwingine ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu. Kabla hajatuma fedha anataka kuona bidhaa kwa video ya moja kwa moja: kitambaa kivutwe, zipu ifunguliwe, boksi lifunuliwe. Picha ikiganda wakati wakala anaonyesha mshono, mzigo mbovu unaweza kupita, na mzigo mbovu ukishapakiwa kwenye kontena harudishi mtu fedha. Huyu naye alipie kasi bila kunung'unika. Hali kadhalika dada anayeuza viatu mtandaoni kwa kuvionyesha mubashara kila jioni. Wateja wake wakiona picha inakatika, wanahama.

Hawa wote wana jambo moja linalowafanya wafanane, nalo ni kwamba kuchelewa kwa mtandao kunawanyima mauzo yanayoweza kuhesabiwa siku ile ile. Mama lishe hana hali hiyo, wala muuza genge, wala mfugaji wa kuku 200 anayeuza mayai kwa trei kwa wateja watano wanaojulikana.

Kuhusu elimu ya kilimo, kuna jambo la kusema, maana ndiyo sababu wanayoitoa vijana wengi mashambani. Ni kweli kwamba kuna video nzuri za kufundisha namna ya kupambana na kanitangaze, yule mdudu aliyewatia umaskini wakulima wa nyanya tangu alipoingia nchini mwaka 2014. Lakini video ya dakika 10 inaweza kupunguzwa ubora hadi ikatumia sehemu ndogo tu ya data, na maelezo yanasikika vile vile. Inaweza pia kupakuliwa siku ya kwenda mjini, ikatazamwa shambani mara saba na watu wanane bila kulipa tena. Na mara nyingi bora zaidi ya video ni picha mbili za jani lililoshambuliwa, zikitumwa kwa bwana shamba anayeijua wilaya hiyo. KB 400 zimetosha. Kama bwana shamba atazijibu, hilo si suala la mtandao.

Ambacho mkulima anakosa kweli ni mtandao unaopatikana kila siku pale alipo, hata ukiwa wa polepole. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 vijijini. Hilo ni jambo la kupongezwa, na kwa mwanakijiji anayepanda kichuguu ili apate kupiga simu lina thamani kuliko kasi yoyote ya mjini.

Cha pili anachokosa ni kifurushi kinachofuata kalenda yake. Vifurushi vingi vimekatwa kwa saa 24, siku saba au siku 30, kama vile kila mtu analipwa mshahara. Mkulima wa nyanya ana wiki nyingi ambazo hana cha kumwambia mnunuzi, kisha zinakuja wiki tatu au nne za kuchuma ambazo simu haitulii mkononi. Nchini Kenya, Oktoba 2019, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na tarehe ya kwisha. Mkulima wa hapa, kabla ya kushawishika na kasi, aulize kampuni yake kama ina data ya namna hiyo na kila MB inauzwa shilingi ngapi, kisha ailinganishe na hesabu yake ya msimu. Na vyama vya ushirika, ambavyo hununua mbolea na viuatilifu kwa pamoja ili kupata bei ya jumla, havijaonyesha bado kwa nini visikae meza moja na makampuni ya simu kuombea wanachama wao data ya miezi sita, GB chache tu, isiyokufa usiku wa manane.